Vituo vya kulea watoto: Serikali na walezi wazungumze nini?

WIKI hii, ndugu msomaji, ningependa tuzungumzie chumba ambacho huenda unakipita kila asubuhi bila kukitazama mara mbili. Ni chumba cha mama anayewalea watoto wa wenzake kutwa nzima ili wazazi waende kazini. Katika mji wa Kisii utavikuta vyumba vya aina hii Mwembe, Jogoo, Nyanchwa na karibu na soko la Daraja Mbili. Upande wa Nyamira viko mjini kwenyewe, Keroka, Kebirigo na Nyansiongo. Vichache vina kibao mlangoni. Vingi havina, na hujulikana kwa jina la mama mwenyewe tu.

Chumba hicho ni jambo la afya ya umma kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ugonjwa unapozuka na serikali ikaamua kufunga vituo, kisha baadaye ikataka kuvifungua, mlezi wa chumba kile hana budi kuulizwa mapema, tena aulizwe mambo ambayo yeye ndiye anayeyajua. Asipoulizwa, kanuni zitaandikwa vizuri, zitabandikwa ukutani, na hazitafuatwa.

Tukumbuke yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru taasisi za masomo zifungwe. Mwezi Mei mwaka huohuo Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, aliteua kamati chini ya uenyekiti wa Dkt. Sara Ruto ili ikusanye maoni na kuishauri wizara kuhusu namna ya kufungua shule. Walimu wana vyama vyao, wakuu wa shule wana vyao, na wenye shule za kibinafsi wana chao, kwa hiyo sauti zao zilisikika. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba 2020. Waliobaki, pamoja na watoto wa chekechea, walirudi tarehe 4 Januari 2021.

Tarehe hizo zilikuwa za madarasa. Mtoto wa miezi saba hana darasa. Mama yake alipoitwa tena kazini, au alipolazimika kurudi sokoni kuuza ndizi ili nyumba ipate chakula, hakungoja tangazo la waziri. Alimpeleka mtoto kwa mlezi kimyakimya, na mlezi akampokea kimyakimya. Kwa daktari, ukimya wa namna hiyo ni mbaya kuliko mlango ulio wazi, kwa sababu mtu anayefanya kazi kwa kujificha hawezi kumwita bwana afya hata akiona watoto watatu wanaharisha kwa siku moja.

Isitoshe, mlango wa kubisha unajulikana. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kaunti hizohizo ndizo zinazosimamia zahanati, vituo vya afya na maafisa wa afya ya umma. Kwa hiyo anayestahili kumwita mlezi wa Nyanchwa mezani yuko Kisii mjini, na wa mlezi wa Kebirigo yuko Nyamira mjini. Si lazima tungoje Nairobi.

KAZI YA OMORERI

Zamani Gusii haikuwa na haja ya vituo hivi. Wataalamu wa Kimarekani, Robert LeVine na mkewe wa wakati huo Barbara, walipofanya utafiti kati ya Abagusii katika miaka ya 1950, walieleza kwa kirefu kazi ya omoreri, yaani mtoto mkubwa, mara nyingi dada, aliyekabidhiwa mtoto mchanga mama akiwa shambani. LeVine alirudi Gusii katika miaka ya 1970, na yeye na wenzake wakachapisha kitabu kizima mwaka 1994 kuhusu malezi ya watoto huku. Wasomaji wenye umri mkubwa hawahitaji kitabu, kwa sababu walilelewa na omoreri au walikuwa maomoreri wenyewe.

Tangu elimu ya msingi iwe bila malipo mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2013 kufanya masomo kuwa lazima, omoreri yuko shuleni, na ni vyema awe huko. Nyanya, yaani magokoro, wengi wamebaki kijijini ilhali vijana wamehamia mjini. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, kwenye eneo dogo ambalo mashamba yake yamegawanywa mpaka yakawa vipande. Kazi ya omoreri ilihamia kwa mama mwenye chumba. Tofauti ni kwamba omoreri alikuwa na mtoto mmoja mgongoni, na huyu ana kumi au zaidi kwenye mkeka mmoja, kutoka nyumba kumi mbalimbali. Kwa lugha ya magonjwa, kila asubuhi nyumba kumi hukutana pale, na kila jioni hurudi zilikotoka zikiwa na walichoambukizana.

MTOTO MDOGO SI MWANAFUNZI MDOGO

Kanuni nyingi za mwaka 2020 zilifikiriwa kwa ajili ya mtu anayeweza kukaa kwenye dawati: keti mbali na mwenzako, vaa barakoa, usiguse uso. Mjaribu mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa amri hizo! Atakukumbatia, atatia kidoli mdomoni, kisha atampa mwenzake naye akitie mdomoni. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikiri hivyo waliposema mwezi Agosti 2020 kwamba watoto wa miaka 5 kurudi chini wasilazimishwe kuvaa barakoa.

Ni kweli kwamba Korona yenyewe haikuwaua watoto wadogo kwa wingi kama ilivyowaua wazee. Wengi wao walipata mafua ya kawaida, na wengine hawakuonyesha dalili yoyote. Waliokuwa hatarini zaidi ni wanaowabeba: mlezi mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mama wa makamo mwenye shinikizo la damu au kisukari, na bibi anayempokea mtoto jioni. Hata hivyo, magonjwa mengine hayakungoja zamu yao. Surua, nimonia na kuharisha ni maadui wa siku zote wa mtoto aliye chini ya miaka mitano, na chumba kilichojaa ndicho kinachoyapenda.

Hapa nataka ufanye hesabu nami. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mama wa kibarua au wa sokoni mara nyingi hapati hata hiyo. Miezi mitatu ni majuma kumi na matatu hivi. Chanjo ya kuzuia dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria ya Hib hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Maana yake ni kwamba mtoto anaingia katika chumba cha wenzake kabla hajamaliza mkupuo wa tatu. Ile ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Kwa nusu mwaka nzima, basi, mtoto huyo analala kwenye mkeka mmoja na wengine bila kinga ya surua ya chanjo, na kinga aliyopewa na mama yake tumboni inazidi kupungua.

Surua haina mzaha. Mtu asiye na kinga akikaa karibu na mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa ni kama tisa katika kumi. Tena mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, wakati bado anaonekana ana mafua na macho mekundu tu. Ukingoja vipele umechelewa. Kinga ya mtoto wa miezi sita ni kwamba wale wakubwa wote chumbani wawe wamechanjwa. Kwa hiyo mlezi akikuomba kitabu cha kliniki kabla ya kumpokea mwanao, usione anakudharau. Anamlinda mdogo kuliko wako, na jana labda alimlinda wako vivyo hivyo.

MASHAURIANO YA KWELI

Sasa tuje kwenye kikao. Katiba inataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na serikali zetu zimezoea kuutimiza kwa mkutano ukumbini saa nne asubuhi, siku ya kazi. Saa nne asubuhi mlezi wa Jogoo ana watoto kumi na wawili mapajani. Atawaacha na nani? Jumamosi nayo haifai, kwani Waadventista ni wengi Gusii na siku hiyo wako kanisani. Jumapili alasiri ingefaa, au jioni wazazi wakishachukua watoto, na mahali pawe karibu, kama uwanja wa zahanati au ofisi ya chifu. Haya yaweza kuonekana mambo madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama atakayefika ni mlezi au ni mwenye shule kubwa ya kibinafsi aliye na gari.

Baada ya wakati huja swali la nani anawajua walezi hawa. Kaunti haiwezi kumwalika mtu ambaye haina jina lake. Bahati nzuri, tangu Septemba 2023, Rais William Ruto alipozindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja nchini, kila mtaa una mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba akiwa na mkoba wake wa vifaa. Huyo anajua mlango gani unatoka vilio vya watoto kumi. Daftari la walezi laweza kuanzia kwake. Ila tahadhari: jina likiandikwa leo na kesho askari wa kaunti akaja kudai leseni, hakuna mlezi mwingine atakayejiandikisha mtaa huo kwa miaka mingi. Mimi ningeshauri miezi sita ya kwanza ya daftari iwe ya mafunzo tu, pasiwe na faini.

Na sasa jambo gumu kuliko yote, ambalo sioni likitajwa katika miongozo. Kila mwongozo husema mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Nani atalipa? Tuchukue asubuhi ya kawaida. Mlezi anagusa paji la mtoto, anasema, "Dada, huyu ana joto leo." Mama anajibu, "Ni meno tu, nimempa dawa ya homa," na matatu tayari inapiga honi. Mama huyu analipwa kwa siku. Akibaki nyumbani, jioni hakuna unga. Mlezi naye analipwa kwa siku, tena kwa kichwa. Akimrudisha mtoto anapoteza malipo, na akiwarudisha watatu anapoteza kodi ya chumba. Wote wawili wanajua mtoto ni mgonjwa, na wote wawili wana sababu nzuri ya kunyamaza.

Usiwalaumu. Tunachotakiwa ni kuondoa sababu ya kunyamaza. Wazazi wa kituo wakilipa kwa mwezi badala ya siku, kutokuwapo kwa mtoto siku mbili hakumkati mlezi chochote, naye atapata ujasiri wa kusema hapana. Mwajiri, awe ni duka kubwa mjini au kiwanda cha majani chai, anaweza kukubali siku mbili tatu kwa mwaka za mzazi aliye na mtoto mgonjwa. Kaunti nayo, wakati wa mlipuko, ingetafakari kumfidia mlezi anayeamriwa kufunga. Mambo haya hayawezi kuamuliwa na daktari mezani kwake. Yanahitaji mlezi, mzazi na afisa wa kaunti katika chumba kimoja, na ndiyo maana ninashikilia kwamba mashauriano ni dawa kama dawa nyingine.

Nchi nyingine ziliwahi kuanza na hawa wadogo. Denmark ilifungua vituo vya watoto na madarasa ya chini tarehe 15 Aprili 2020, na Norway ikafungua chekechea tarehe 20 mwezi huohuo, kabla ya shule za wakubwa. Walizigawa siku zao kwa makundi madogo yasiyochanganyika, wakanawa mikono mara kwa mara, wakakaa nje sana. Hatuna majengo yao wala fedha zao. Lakini kundi dogo na uwanja si vitu vya Ulaya. Profesa Magoha alipotaja mwaka 2021 watoto kusomea chini ya miti, wapo waliocheka. Kwa upande wa hewa, alikuwa sahihi kabisa.

HEWA, MAJI NA NEPI

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira sehemu nyingi ni juu zaidi. Mwezi wa Julai baridi huuma, na mlezi hufunga dirisha na kuingiza jiko la makaa ndani. Ninamwelewa, lakini makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na moshi huchokoza mapafu ya mtoto mpaka nimonia ipate njia. Jiko likae nje. Watoto wavikwe sweta na soksi, na dirisha liachwe wazi, angalau upande mmoja. Jua likitoka, mkeka utolewe uwanjani.

Maji ndiyo shida ya pili. Si lazima mfereji. Mtungi wenye bomba dogo juu ya kigoda, sabuni ya kipande na karai chini vinatosha. Beseni moja la maji ambamo watoto wote huchovya mikono kabla ya chakula ni kama kugawana ugonjwa kwa kijiko. Mikono ya mlezi ndiyo muhimu zaidi, hasa baada ya kubadilisha nepi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kina madhara sawa na cha mtu mzima, pengine zaidi. Mahali pa kubadilishia nepi pawe mbali na mahali pa kupakulia uji, na mtu mmoja asifanye kazi zote mbili kwa wakati mmoja ikiwa wapo wawili.

Palipomwagika kinyesi au matapishi, ondoa uchafu kwanza, kisha pangusa kwa dawa ya klorini. Ile inayouzwa madukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, na usiiweke kamwe katika chupa ya soda. Watoto wameletwa hospitalini kwa kosa hilo moja.

Juu ya joto la mwili, neno moja tu. Kile kipima joto cha paji la uso kilituzoeza kudhani kwamba asiye na homa hana ugonjwa, na mwenye homa ana Korona. Katika nyanda zetu za juu, ambako malaria huweza kulipuka baada ya mvua ndefu, mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyohiyo, hata kama ana mafua. Mlezi asimpe dawa za malaria kwa kubahatisha.

Badala ya kupima joto peke yake, mlezi na mzazi wajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo, tazama kifua, hesabu kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifikia pumzi 60, wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifikia 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikia 40, anapumua haraka mno na apelekwe zahanati leo. Ikiwa kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ametukutika kwa degedege, au amelegea na haamki vizuri, huyo haendi zahanati kungoja foleni. Apelekwe hospitali mara moja, na mlezi asingoje mama afike kutoka kazini ndipo aondoke.

Kwa sababu hiyo, kila mzazi amwachie mlezi nambari mbili za simu, yake na ya mtu mwingine aliye karibu, pamoja na ruhusa iliyosemwa wazi, na ikiwezekana iliyoandikwa, ya kumpeleka mtoto hospitali. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, tangu kinyesi cha kwanza cha majimaji, na dawa ya zinki itolewe na zahanati. Maziwa ya mama yasikatizwe.

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura nyingine, ya mpox, ugonjwa unaoambukizwa kwa kugusana ngozi, na Kenya ilikuwa imeshapata mgonjwa wake wa kwanza majuma mawili kabla. Ukitaka kujua kama mtaa wako umejiandaa, muulize mlezi wa mwanao kesho asubuhi: bwana afya wa wadi hii anaitwa nani, na nambari yake ya simu unayo? Kama hana, mtafutie wewe, kwa kuuliza katika zahanati iliyo karibu, kisha uiandike kwa kalamu nyeusi nyuma ya mlango.